Kanga Nyekundu Juu ya Jiwe

Mkolani, Mwanza
26 Februari 2024

Dada Teodora,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo na mguu wake umepungua kuvimba. Mimi mzima, ila macho yamekuwa mekundu kwa kusoma maandishi yangu mwenyewe, kazi ambayo simtakii hata adui.

Kitabu kimekwisha! Obedi atakuletea bahasha kwenye gari lake la dagaa. Isome yote, dada. Usiniambie huna muda; duka lako nalijua, wateja wenyewe ni shangazi zetu wanaokuja kupiga soga.

Ni riwaya ya mama anayelea mabinti wawili kando ya ziwa, baba yuko machimboni na harudi. Majina nimebadilisha. Hata hivyo utajiona: wewe ndiye yule dada mkali anayegawa ugali kwa kijiko. Mimi ni yule mdogo mgonjwamgonjwa.

Sasa nikuonye mapema. Kuna sentensi utakutana nayo tena na tena mpaka utake kunipiga: "Mama alianika kanga yake nyekundu juu ya jiwe." Nimefanya makusudi. Nikimwambia msomaji mara moja tu kwamba mama huyu alikuwa na kanga moja, anaifua alfajiri na kuingoja ikauke, atasikitika kidogo kisha atafungua ukurasa mwingine. Shida haiji siku moja ikaaga. Inarudi kesho na nguo ileile. Basi na mimi nairudisha kanga ileile kwenye jiwe lilelile, hadi msomaji achoke kama Mama alivyochoka. Na kila kanga inapoanikwa, jioni watoto wanakula samaki. Hilo nalikumbuka vizuri, ingawa sijui samaki walitoka wapi. Kitabuni nimeliacha kama muujiza mdogo.

Mchapishaji anataka nakala ya mwisho tarehe ishirini Machi. Wewe ndiye msomaji wangu wa kwanza wa nyumbani. Niandikie kwa barua, simu hiyo yenu inayopiga kelele kama redio siitaki.

Mdogo wako,
Hellen


Bulugu, mwaloni
2 Machi 2024

Hellen,

Marahaba. Mguu wa Mama unaendelea vizuri. Jana alitembea mwenyewe hadi jumuiya nyumbani kwa Tereza, wakasali njia ya msalaba, akarudi anaimba.

Bahasha nimepata na nimesoma yote. Una kipaji, sikatai. Pale baba anapoaga na kuahidi viatu, nililia mbele ya mteja.

Ila hiyo kanga iondoe.

Inachosha. Ukisema jambo mara nyingi mno watu watadhani mwandishi kasahau kwamba alishalisema. Tena utamwaibisha Mama. Leo ni mwenyekiti wa akina mama pale kanisani, halafu dunia nzima ijue alikuwa na kanga moja? Weka sufuria. Sufuria moja nyeusi jikoni, kila nyumba inaijua, haimtaji mtu. Na jiwe nalo lifute, kwani kuna ulazima gani wa jiwe? Andika kamba ya kuanikia nguo kama watu wengine.

Ile sura ambayo jiwe liko tupu, itoe yote. Haina kazi.

Nakuomba kama mkubwa wako. Usinibishie.

Teodora


Mkolani
5 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Nitakubishia, unisamehe.

Sufuria! Kila mtu ameandika sufuria. Sufuria ya shida imeshapikiwa na waandishi wote wa nchi hii mpaka imetoboka. Mimi nina jiwe la nyumbani kwetu, lile la kijivu juu ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, linaloonekana hata ukiwa mbali ziwani, na kanga nyekundu imelala juu yake. Picha hiyo nimetembea nayo tangu sijaanza shule. Unaniambia nianike nguo kwenye kamba?

Na ile sura ya jiwe tupu ndiyo moyo wa kitabu. Sikiliza tena: "Siku ile degedege liliponipanda, Mama alitoka mbio hadi kwenye jiwe, akainyakua kanga ingali mbichi, akanifunga nayo mgongoni. Nilisikia ubaridi wake tumboni mwangu njia nzima hadi zahanati. Nyuma yetu jiwe lilikuwa tupu." Baada ya kanga kurudi mara zote hizo, asubuhi moja haipo, na msomaji anashtuka kabla hajajua kwa nini. Kurudia kote kule kulikuwa kwa ajili ya asubuhi hiyo. Ukiitoa, nyuma yake hakuna kitabu, kuna karatasi.

Aibu unayoisema mimi siioni. Mama aliniokoa. Nataka watu wajue.

Tena si kila mtu anachoshwa. Precious, binti yake Tereza, nilikutana naye hapa Nyamagana anapofundisha. Alifurahi sana kusikia nimeandika kuhusu kwetu, nikamwachia nakala. Juzi alinipigia akaniuliza ile kanga ilikuwa ya rangi gani hasa, nyekundu kabisa au ya maua? Akauliza pia kama ni kweli kila ilipoanikwa tulikula samaki. Umeona? Huyo ni msomaji, anashika vitu vidogovidogo.

Kwa heri, nimechemka.
Hellen


Bulugu
7 Machi 2024

Hellen,

Umempa nani?

Umempa binti wa Yakobo? Mungu wangu, Hellen. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda kachukue nakala yako leo. Ukimaliza kusoma barua hii ichome, kisha uende.

Nilitaka nife na jambo hili. Sasa nakuambia kwa sababu hukuniachia njia.

Ile kanga haikuwa inaanikwa ikauke. Haikuanikwa kila asubuhi pia, hiyo umeongeza wewe. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa juu, tukiona barabara yote. Wanaume wa mwalo huu walikuwa wanavua kwa nyavu zilizokatazwa. Watu wa doria wakija na gari lao na kujificha kwenye matete, Mama alikuwa anatandaza kanga nyekundu juu ya jiwe. Waliokuwa majini wakiiona, wanazitosa nyavu na kungoja huko huko hadi doria ichoke. Jiwe likiwa tupu, maana yake ni salama, njooni. Wanawake wote wa hapa walijua. Malipo ya Mama yalikuwa samaki. Ndiyo huo muujiza wako.

Siku unayoisema, doria walikuwepo. Mama alikuwa ameshatandaza. Kisha wewe ukakakamaa, macho yakageuka meupe. Alikuwa na kanga hiyo moja tu. Kipande chake cha pili alikuwa amekibadilisha kwa unga. Akaitwaa, akakufunga, akakimbia. Mimi nilibaki mlangoni nikilia kwa ajili yako, hata jiwe sikulikumbuka.

Mitumbwi ikarudi. Ukumbuke kilichofuata, au kama ulikuwa mdogo mno, wengine wanakumbuka. Walikamatwa wote, ila Yakobo alijitosa akaogelea kurudi kilindini. Walimpata baadaye, akiwa ameshavimba.

Watu wakauliza nani aliitoa kanga. Mama alikuwa zahanati na wewe. Aliporudi, walikuwa wameshapata jibu. Walisema ni Maige, kwa sababu Maige alikuwa anavua kwa nyavu halali na kila siku akiwalaumu wenzake kwamba wanamaliza samaki. Walisema yeye ndiye aliyewaita doria, akapanda na kuivuta kanga chini. Walimchomea nyumba. Mama aliuona moshi, Hellen. Alikunyamazisha mgongoni, akanyamaza na yeye.

Wewe kitabuni umemwita Maige "msaliti wa mwalo". Kisha kurasa chache mbele umeandika mwenyewe nani alichukua kanga. Mtu wa mbali atasoma hadithi ya umaskini. Precious atasoma kifo cha baba yake.

Tereza ndiye rafiki wa Mama aliyebaki. Kachukue karatasi zako.

Teodora


Mkolani
10 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua sijaichoma. Nimeshindwa.

Nilikwenda anapokaa Precious. Jirani yake, Safia, aliniambia ameomba ruhusa kazini na amekwenda nyumbani. Simu yake inaita hadi inakata. Mko naye huko sasa, na mimi ndiye niliyemtuma.

Nimekaa mezani nikajaribu kuweka sufuria. Nilifuta kanga sura ya kwanza, ya pili, nikaendelea. Kila nilipofuta nilisikia ubaridi ule tumboni. Nilidhani naandika shida ya Mama kwa sababu naijua. Nilikuwa naijua rangi yake tu. Nimejivuna kwako kwamba kurudia kwangu kunamwandaa msomaji, kumbe narudia alama ya hatari ukurasa baada ya ukurasa, naipeperusha mbele ya mtoto wa marehemu, na sijui ninachosema. Nina hasira na wewe pia, nikwambie kweli. Umeniacha miaka yote hii nikimpenda Mama kwa nusu ya habari.

Halafu kuna Maige. Unamkumbuka alivyokuwa ananiita "mke wangu mdogo" na kunipa mapera? Nilipoandika kwamba ni msaliti sikusita hata kidogo, kwa sababu ndivyo tulivyokua tukisikia. Nikiitoa kanga, Mama anapona na Maige anabaki msaliti, safari hii kwa chapa ya kiwandani. Nikiiacha, namweka Mama mbele ya Tereza. Na kote huko mimi ndiye niliyekuwa mgongoni. Yakobo amekufa mimi nikapona, dada. Hilo nalifuta vipi?

Tarehe ishirini inakuja. Nijibu upesi. Usimwambie Mama.

Hellen


Bulugu
13 Machi 2024

Hellen,

Mama anajua. Sikumwambia mimi.

Precious alifika Jumamosi na bahasha yako kwapani. Jumapili Tereza hakukaa kwenye benchi lao. Alikaa upande wa pili kanisani, shali usoni. Mama alirudi nyumbani akaniuliza, "Mdogo wako ameandika nini?" Nikasema hadithi tu. Akasema, "Basi nisomee hiyo hadithi tu."

Nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele. Kila nilipofika kwenye kanga niliruka, naye akawa ananikatiza: "Hapo umeruka. Rudi." Anaijua sauti yangu nikidanganya. Nikarudi. Mwisho sikuruka tena, na sentensi yako, ambayo niliisoma mwanzo nikaona inachosha, ikawa inamwinamisha kichwa kila ilipokuja. Tulipofika kwenye jiwe tupu aliweka ungo chini.

Nilimwambia, "Mama, amekosea, hakujua, atafuta." Akasema, "Hakukosea. Alichoandika ni shida, na ilikuwa shida. Ningekuwa na kanga mbili, moja ningeiacha juu ya jiwe."

Kisha akaendelea, na haya nayaandika kama alivyoyatamka: "Nilipofika kwenye jiwe nilikumbuka. Asije akasema mtu nilisahau kwa sababu ya mtoto. Niliiona mitumbwi mbali kule, nikaona mtoto anatoka povu, nikavuta. Na Maige nilimwacha achomewe nyumba, kwa sababu nilikuwa na watoto wawili na sina mume. Hilo la Maige halina degedege la kulisingizia."

Jana alivaa viatu, akaenda kwa Tereza. Nilimfuata nikasimama uani. Alisema yote pale mlangoni, hakukaribishwa kiti. Tereza alisikiliza akiwa ameshika mwiko, ugali ukaungua ndani, tukasikia harufu. Mwishowe alisema maneno machache tu:

"Jumapili baada ya misa, uianike. Mahali pale pale. Mimi nitasimama majini alipokuwa Yakobo, nione kama ingeonekana."

Mama akasema sawa. Tereza akaongeza: "Na Hellen asije siku hiyo. Sina ugomvi naye, lakini nikimwona nitamtazama vibaya, na yeye alikuwa mtoto."

Kwa hiyo usije. Najua utataka. Usije. Mama anaomba ununue kanga nyekundu huko mjini, iliyoiva kweli, umpe Obedi. Ile ya zamani ilishakuwa matambara.

Jambo lingine, kwa vile wewe ni mwandishi. Katika sura za mwisho umeandika kwamba Mama aliendelea kuanika kanga juu ya jiwe hadi ulipokwenda sekondari. Umetunga hiyo. Tangu siku ile Mama hajaanika hata kitambaa cha mezani pale. Hukuwahi kujiuliza kwa nini nguo zetu zilikuwa zinanuka moshi? Alikuwa anazianika ndani.

Teodora


Mkolani
15 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Obedi atakukabidhi mfuko. Nilizunguka soko zima; muuzaji mmoja, Mzee Abubakary, alinitandikia nyekundu za kila aina akachoka na mimi. Nilichukua doti nzima, hawakati kipande kimoja. Mpe Mama vipande vyote viwili.

Sitakuja. Jumapili nitakaa hapa na mlango wazi.

Nilichofanya hadi sasa ni hiki. Maige nimemwondolea lile neno. Sentensi ya kanga nimeirudisha kila mahali nilipoifuta, ila kuanzia jiwe tupu kwenda mbele sijaiandika tena hata mara moja. Msomaji atakuwa ameizoea, ataisubiri, na haitakuja. Nguo zinanuka moshi, basi. Nimesoma hivyo kwa sauti nikaogopa.

Lakini siwezi kukipeleka kitabu bila ruhusa. Si yako wala ya Mama. Mwulize Tereza kama utaweza. Akisema nitoe, nitakiondoa kitabu chote, na sitamdai mtu maelezo.

Hellen


Bulugu
17 Machi 2024

Hellen mdogo wangu,

Nakuandikia haraka, Obedi ameshawasha gari na anapiga honi.

Tumetoka misa, Mama akapanda kwenye jiwe na mguu wake ule. Alikataa nimshike. Alitandaza kipande kimoja, akakiwekea vijiwe kwenye pembe kwa sababu ya upepo, kama zamani. Cha pili alijitanda mabegani. Watu walikuwa wamejaa mwaloni, na wale wazee waliomchomea Maige walikuwepo, wakitazama chini. Hakuna aliyekuwa ameitwa.

Tereza alimpa Precious viatu vyake akaingia majini na gauni lake la kanisani. Magotini, kiunoni. Akageuka akatazama juu. Akasogea upande wa matete, akatazama tena. Akaenda mpaka pale nanga zinapotupwa, maji kifuani, Precious akaanza kulia akimwita arudi. Hakurudi upesi. Mimi juu kule nilikuwa nimeshika mkono wa Mama.

Kisha akatoka, akaupanda mlima hivyo hivyo, gauni linachuruzika. Alipofika alihema kwanza.

"Inaonekana," alisema. "Kutoka kote. Angeiona."

Mama akasema, "Angeiona."

Nilimuuliza habari ya kitabu, kwa aibu kubwa, kwa sababu ulinituma. Hakunigeukia. Alisema, "Asifute. Mimi nimechoka kumchukia Maige, na nguvu za kumchukia mtu mwingine sina. Amwandike Maige kwa jina lake, na Yakobo kwa jina lake." Precious atakuja huko kesho kukuambia mengine. Mpokee, na usizungumze sana.

Nilidhani yamekwisha. Tereza akanyoosha mkono, akashika pindo la kanga aliyojitanda Mama. Akalifinyafinya vidoleni kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akaitazama ile iliyo juu ya jiwe, akairudia hii.

"Siku hizi unazo mbili," akasema.

"Ninazo," Mama akajibu.

Tereza akaliachia pindo, akashuka kwenda kubadilisha nguo. Obedi anaita. Peleka kitabu.

Dada yako,
Teodora